Ile ya Ndoo

Kusuka nywele ni kazi ya mikono, lakini wapo wasusi ambao wateja wao huufuata mdomo. Chiriku alikuwa mmoja wao. Jina hilo alipewa na wateja, naye hakulikasirikia. Chumba chake cha kazi kilibanwa kati ya duka la vipuri vya baiskeli na kibanda cha fundi viatu. Kilikuwa na kioo kirefu chenye ufa pembeni, viti vya wanaosukwa, benchi la wanaosubiri, na feni iliyozunguka pale ilipojisikia. Mtaa wa pili kulikuwa na saluni zenye vioo vya kumetameta na viti vya kuzunguka. Lakini kwa Chiriku mtu alikaa tangu asubuhi mpaka alasiri, kichwa kikivutwa huku na huku, akainuka ameshika mbavu badala ya kichwa.

Hadithi zake hakuzifuata mbali. Alizitoa nyumbani kwake. Siku binti yake alipojipaka sabuni ya vyombo akidhani ni mafuta ya nywele, wateja walijua kabla povu halijakauka. Mama mkwe wake alipokuja kutembea akaketi juu ya miwani yake mwenyewe, huku akiwalaumu watu wa nyumba ile kwa wizi, benchi zima lililia kwa kucheka. Chiriku hakuwa mwongo. Aliongeza chumvi tu, na chumvi haikumshinda kipimo.

Ila aliyempatia hadithi kuliko wote ni mumewe. Huyu alikuwa fundi wa majokofu katika karakana moja, mtu mrefu, mpole, aliyetembea kama anayeogopa kumwamsha mtoto. Alikuwa na kigugumizi tangu utotoni. Kuna maneno yaliyomtoka bila shida, na kuna mengine yaliyogoma mlangoni kama ng'ombe anayekataa kuingia zizini. Nyumbani mkewe alikuwa amelitatua tatizo hilo zamani: alimalizia yeye. Fundi akisema, "Nipe chu...", chumvi ilikuwa imeshafika mezani. Mara nyingi Chiriku alipatia. Pale alipokosea, fundi aliipokea chumvi akashukuru, ingawa alichotaka ni chupa ya maji.

Hadithi iliyopendwa kuliko zote iliitwa "ile ya ndoo". Karakanani ilitokea nafasi ya msimamizi, na fundi alitaka kuiomba. Asubuhi moja alijifungia bafuni kujifunza namna ya kumwambia meneja. Chiriku alipita akiwa amebeba sabuni, akamsikia, akachungulia kwenye upenyo wa mlango. Mume wake alikuwa amesimama wima, taulo kiunoni, anazungumza na ndoo ya maji.

"Basi, shoga zangu," Chiriku alisimulia, kitana mdomoni, akakitoa ili apate nafasi, "bwana amevaa taulo lake lile la kijani lenye tundu nyuma. Anainamia ndoo kwa adabu zote. 'M-m-m-mkuu, na-na-naomba cheo.' Ndoo kimya. 'M-m-mkuu, u-u-umenisikia?' Mara bomba likadondosha tone: to! Akasema, 'A-a-asante sana mkuu, nitarudi ke-ke-kesho!'"

Hapo watu walianguka kwenye benchi. Mmoja alicheka hadi mistari aliyokuwa anasukwa ikapinda, ikabidi ifumuliwe. Hadithi ikatoka nje na waliosukwa, ikaenda maofisini, madukani na sebuleni kwa watu. Jambo ambalo Chiriku hakulisimulia ni kwamba fundi aliingia kweli ofisini kwa meneja siku ile, akasimama mbele ya meza, akatoka na maneno yake yote yakiwa bado mdomoni. Cheo alipewa mwingine.

Siku moja fundi alitumwa kwenda kutengeneza friji katika nyumba ya mwanamke mwenye duka la vitambaa. Alikuwa mtu mkarimu, mcheshi, asiyependa kumwacha fundi afanye kazi peke yake kama mfungwa. Alimletea kigoda na maji ya baridi aliyoyaomba kwa jirani, akaegemea meza ya jikoni.

"Pole na kazi, fundi. Ngoja nikuchekeshe kidogo maana naona umenuna na bisibisi lako. Kuna bwana mmoja aliingia bafuni kuomba cheo kwa ndoo."

Fundi, aliyekuwa amejikunja nyuma ya friji, alicheka. Alicheka kwa moyo mweupe kabisa. Alijisemea, kumbe tuko wengi. Alitaka hata kuuliza bwana huyo ni nani, anafanya kazi wapi.

"Amevaa taulo la kijani lenye tundu nyuma," mama yule akaendelea, akishika nyonga na kuinama, na kuanzia hapo akawa anaigiza. "M-m-m-mkuu!"

Taulo lile fundi alikuwa amelianika uani asubuhi hiyohiyo. Aliendelea kushika waya ambao haukuwa na tatizo lolote. Nyuma ya friji kulikuwa na vumbi na joto, na kwa mara ya kwanza tangu aanze ufundi alitamani kazi ya nyuma ya friji isiishe. Hadithi ilifika kwenye tone la maji. Mama alijichekea mwenyewe hadi akajifuta macho kwa kanga.

"Haya fundi, hebu niambie. Friji langu linaumwa nini?"

Hapo sasa. Ugonjwa wenyewe ulikuwa mdogo: mpira wa mlango ulikuwa umelegea, baridi ikawa inavuja. Lakini "mpira" lilikuwa mojawapo ya yale maneno yake magumu. Angeweza kunyamaza, akaonyesha kwa kidole, akaondoka. Alifungua mdomo kwa mazoea ya kazi, kwa kuwa mteja akiuliza hujibiwa.

"Mp... mp... mp..."

Uso wa mama ulibadilika polepole, kicheko kikakosa pa kwenda.

"Jamani! Fundi, nisamehe ndugu yangu. Sikujua kama na wewe... Wallahi usidhani nilikuwa nakusema wewe. Huyo niliyekuwa namsema ni mume wa msusi wangu tu."

Fundi alitikisa kichwa kumwambia hakuna neno. Akaubonyeza mpira kwa kidole, mama akasema, "Aa, mpira!" kwa sauti ya mtu aliyeokolewa. Fundi akaubadilisha, akafuta alama za vidole vyake mlangoni, akakusanya vifaa.

Fundi hakuamua kununa. Kununa kuna ratiba yake, na mtu aliyenuna hutaka aonekane. Yeye alirudi nyumbani akakuta hana la kusema, na kesho yake vilevile. Kwa mtu ambaye siku zote alisema maneno machache, pengo halikuonekana mara moja. Chiriku alizungumza kwa niaba ya wote wawili kama kawaida. Alimuuliza mumewe habari za kazini, akajijibu kuwa ni njema, akasema meneja wao ana roho mbaya, akakubaliana na maneno yake mwenyewe.

Aliyegundua ni binti yao. Alikuwa msichana wa sekondari, mwenye macho ya baba na, kwa bahati nzuri au mbaya, masikio yake mwenyewe. Jioni baba yake alikuwa na desturi ya kumuuliza, "Leo mme-mmejifunza nini?" na yeye humjibu kwa kirefu, hata siku ambazo hakujifunza kitu. Sasa baba alimkagulia daftari kimya, akamshika bega, akaondoka.

"Mama, baba anaumwa?"

"Anaumwa nini? Sahani mbili za wali kazimaliza."

"Haongei."

"Tangu lini baba yako akaongea?" Chiriku akasema, akacheka. Lakini alipokuwa akisugua sufuria ile kauli yake ilimrudia, na safari hii haikumchekesha. Akaanza kuangalia. Akaona kwamba fundi anaomba vitu kwa macho. Akaona kwamba asubuhi bafuni hutoka sauti ya maji tu, hakuna mtu anayezungumza mle. Zamani mumewe alipooga alizungumza muda wote. Alikuwa anapanga siku yake, anamgombeza mteja msumbufu, anaomba ruhusa. Chiriku alikuwa ameizoea sauti ile kama watu wanavyozoea redio ya jirani: huisikii mpaka izimwe.

Alijaribu dawa aliyoijua, ambayo ni kuongeza maneno. Alimweleza habari za mtaa mzima. Alipika alichokipenda. Alimtania. Fundi alikula, akasema asante kwa kichwa, akaenda kukaa barazani akitazama watu wanaopita.

Habari ya uhamisho Chiriku aliipata akiwa kazini, ameinamia kichwa cha mke wa mtunza stoo wa karakana.

"Hongera shoga," mke wa mtunza stoo alisema kutoka chini ya vidole vyake. "Ila utamkumbuka. Mji ule si karibu."

"Hongera ya nini tena?"

"Si ya bwana wako kwenda tawi jipya? Mume wangu anasema barua imetoka wiki iliyopita. Mwanzo wa mwezi si ndiyo anaripoti?"

Benchi lilikuwa limejaa, na benchi la saluni lina masikio mengi kuliko matako. Chiriku akachukua fungu jingine la nywele, akaligawa pembeni.

"Aa, hilo! Tunajiandaa bwana. Nimemnunulia na begi."

"Kubwa?"

"Kubwa. La magurudumu."

Watu wakauliza rangi ya begi, naye akawajibu. Hakukuwa na begi. Alilieleza begi lile kwa ufasaha, mifuko yake na zipu zake, kumbe moyoni alikuwa anaanguka. Yeye aliyekuwa akiwaletea watu habari za nyumba yake alikuwa amekaa palepale kuletewa habari za nyumba yake. Alimaliza kichwa kile bila kusema hadithi hata moja, na mke wa mtunza stoo alipoondoka alisema mistari imebana mno.

Jioni ile hakungoja sahani zitolewe.

"Kumbe unahama."

Fundi aliweka kijiko chini. Akaitikia kwa kichwa.

"Mume wangu mwenyewe anahama, na mimi nisikie kwa mke wa mtunza stoo, nimeshika kitana, natabasamu kama mjinga! Watu wananiuliza begi rangi gani! Nimekukosea nini mimi? Sema basi."

"Ni-ni-nili..."

"Uliogopa kuniambia."

Fundi alitikisa kichwa kukataa. "Ni-nili..."

"Ulisahau? Jambo kama hilo linasahaulika?"

"Ni..."

"Ulitaka kunishtukiza! Basi nimeshtuka, hongera!"

Fundi alifunga mdomo taratibu, kama mtu anayefunga duka ambalo siku nzima halikuingia mteja. Alibeba sahani yake, akaiosha, akaiweka juu ya zile nyingine, akatoka barazani. Binti alikuwa anachora mistari mezani kwa ncha ya kidole.

"Mama, alikuwa hajamaliza."

"Hajaanza, wewe unasema hajamaliza!"

"Huwa anamaliza," binti akasema. "Ukimtazama mdomo ndiyo anazidi kukwama. Mimi huwa namtazama mikono. Anamaliza kila siku."

Chiriku alitaka kumjibu. Lilimjia jibu zuri, la kuchekesha, la kumnyamazisha mtoto. Akaliacha lipite, ingawa bado alikuwa na hasira na hakujua ni za nani.

Jumamosi mwenye duka la vitambaa alikuja kusuka. Kilikuwa kichwa cha kazi ndefu, nywele ndogondogo za kuongezea, na alikuwa amejiandaa kwa kicheko kama anayekuja arusini.

"Leo nataka ile ya ndoo," alisema akijiweka sawa kitini. "Nimemleta na wifi yangu aisikie kwa mwenyewe."

"Leo koo linaniuma," Chiriku akasema.

"Basi nitawapa mimi yangu, ya aibu." Akawageukia waliokaa kwenye benchi. "Mnajua nilivyoumbuka? Nilikuwa namsimulia fundi wa friji ile ya ndoo. Naigiza jikoni kwangu, nagugumiza weee, nainama, nafanya kila kitu. Kumaliza, namuuliza friji lina nini, naye anafungua mdomo: mp, mp, mp! Kumbe na yeye kigugumizi! Nilitamani sakafu inimeze."

Watu walicheka. Wifi alicheka. Mikono ya Chiriku ilisimama.

"Fundi gani huyo?"

"Mrefu hivi. Ovaroli la bluu, mfuko umeshonewa kiraka cha kitambaa chenye maua. Nikajiuliza, huyu kashonewa na nani maua kifuani? Mpole! Hata hakukasirika. Mwanzoni nilimsikia anacheka."

Kiraka kile Chiriku alikishona mwenyewe, kwa kipande cha gauni lake la zamani, na kiraka nacho aliwahi kukitolea hadithi.

"Ni mume wangu," alisema.

"Nani?"

"Huyo fundi. Ndiye mwenye ndoo."

Feni ilichagua wakati huo kuzunguka. Mwenye duka la vitambaa alijishika kinywa. Angeweza kuondoka, na macho yake yaliutafuta mlango, lakini upande mmoja wa kichwa ulikuwa umesukwa na upande wa pili umesimama wima kama ufagio. Hakuna mtu anayepita mtaani hivyo. Ikabidi akae. Chiriku akaendelea kusuka, fungu kwa fungu, na wanawake wale wawili wakawa wanaonana kwenye kioo bila pa kukimbilia.

"Shoga, mimi sikujua," mwenye duka alisema baadaye, kwa sauti ya chini.

"Wewe hukujua," Chiriku alijibu. "Mimi nilikuwa namjua."

Jumapili mchana fundi alikuwa uani, ameketi chini ya kamba ya nguo, amefungua pasi ya nyumbani na kuipanga vipande vipande juu ya gazeti. Chiriku alikuwa ametunga hotuba. Aliitunga alipokuwa anafagia, akaiboresha alipokuwa anakosha vyombo, na ilikuwa hotuba ya kumtoa nyoka pangoni, yenye machozi mahali pake na mzaha mdogo karibu na mwisho. Alichukua kigoda akaketi mbele ya mumewe. Akafungua mdomo kuitoa. Akaona jinsi alivyoipenda hotuba ile, jinsi ingekuwa tamu kusimulia, na akaimeza.

"Mwenye duka la vitambaa ameniambia," alisema. "Alikusimulia ukiwa kwake. Sina la kujitetea. Nataka unimalizie ulilotaka kusema juzi."

Fundi aliendelea na bisibisi. Mama jirani alikuja, akaanua mashuka yake, akaondoka. Chiriku aliutazama mdomo wa mumewe, akakumbuka, akashusha macho kwenye mikono. Ilikuwa mikono mirefu yenye makovu madogo madogo ya kuungua. Miaka yote hii, hakuwahi kukaa akaitazama bila kuipa kazi.

"Ni... ni..."

Nilikasirika, Chiriku akawaza. Niliumia. Niliona aibu. Maneno yote matatu yalimjaa mdomoni, kila moja likitaka kutoka la kwanza. Akabana meno. Ukimya ule ulimchosha kuliko siku nzima ya kusuka.

"Ni-nilicheka," fundi akasema.

Lile halikuwemo kati ya yale matatu.

"Mwanzoni ni-nilicheka sana. Hata ikisimuliwa na mtu mwingine, hadithi yako ina-inajulikana kuwa ni yako. Unajua kusimulia." Akaigeuza sahani ya pasi, akaifuta kwa kitambaa. Alikwama tena, kwa muda mrefu, shingo ikamsimama mishipa, naye Chiriku akakaza vidole kwenye kigoda. "La-lakini mle bafuni mimi sikwami. Ni-nikiwa peke yangu sikwami hata neno moja. Ulisimama mlangoni. Ulinisikia. Mbona u-uliniwekea kigugumizi?"



Ilikuwa kweli. Asubuhi ile alisimama mlangoni na sabuni yake si kwa umbea, bali kwa mshangao. Alidhani kuna mgeni mle ndani. Sauti ilikuwa nzito, nyoofu, yenye kushuka na kupanda, ikisema, "Mkuu, nimefanya kazi hapa miaka mingi, na mafundi wadogo wengi ni mimi niliyewafundisha." Mwili ulimsisimka kama siku alipoposwa. Alichungulia ili ahakikishe ni nani.

"Mara ya kwanza nilisimulia kama ilivyokuwa," alisema. Ilikuwa zamu yake kwenda taratibu. "Niliwaambia, mume wangu akiwa bafuni anaongea kama hakimu. Wakasema, 'Eeh, kumbe.' Basi. Hawakucheka. Siku ya pili nikakiongeza kigugumizi, wakacheka. Nikawa nakiongeza kila siku."

Fundi aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyepata jibu la tatizo la mashine.

"Sa-sasa hata bafuni nakwama," alisema.

Hapo Chiriku alilia, na hakikuwa kile kilio alichokipangia mahali kwenye hotuba. Fundi alimwacha alie. Kisha akampa kitambaa, kile cha kufutia pasi, akakiona kilivyo kichafu, akakigeuza upande wa pili.

"Nisamehe, mume wangu. Usiende."

"Nita-nitakwenda."

"Unatuacha?"

Alikwama. Na hakuna swali ambalo Chiriku aliwahi kulisubiria jibu kwa hofu kama lile. Jibu lilikuwa pale, nyuma ya meno ya mumewe, na yeye hakujua ni lipi. Hakuweza kulivuta wala kulisukuma.

"Si... si... siwaachi," fundi akasema, jasho likimtoka. "Niliomba mwenyewe. Niliingia kwa meneja si-sijajiandaa. Nikakwama. Akaniambia, kaa, huna haraka na mi-mimi sina. Nikamaliza. Tawi lile linatafuta fundi mkuu, akanipa." Akapumua. "Nataka nika-nikasikike huko na watu ambao ha-hawajanisikia kwa mtu mwingine. Mpaka shule zifungwe. Halafu tu-tutaona."

"Tutaona," Chiriku akasema, na akajizuia kuongeza lolote.

Fundi aliondoka mwanzo wa mwezi, na begi alikwenda kununua mwenyewe. Binti alimsindikiza hadi kituoni. Chiriku alibaki mlangoni, hakuwaeleza majirani chochote, nao kwa kumzoea wakadhani hakuna kilichotokea.

Saluni ilipooza. Wateja waliomba za nyumbani wakapewa za mbali, hadithi za watu wasiokuwepo, na hazikunoga. Baadhi walihamia mtaa wa pili kwenye vioo vizuri. Waliobaki walianza, kidogo kidogo, kusema yao wenyewe. Mwanamke aliyesukwa pale miaka nenda rudi, ambaye Chiriku alimjua kwa kicheko tu, siku moja alieleza jinsi anavyomuuguza baba yake asiyemtambua tena. Chiriku alisuka, akasikiliza. Habari ile hakuitoa nje ya mlango.

Simu ndiyo iliyokuwa mtihani. Kwa fundi hakukuwa na kitu kigumu kama simu, kwani kwenye simu mtu haoni kwamba bado unasema. Wiki ya kwanza alituma ujumbe wa maneno machache. Kisha akapiga. Chiriku alisikia upepo na pumzi, akasema, "Haloo? Haloo?" akadhani mtandao mbovu, akakata. Simu ikaita tena. Safari hii alikaa nayo sikioni, akafumba macho, akaiwazia ile mikono. Pumzi ikaendelea. Halafu, kutoka mbali, sauti ikasema, "Ha-hamjambo huko?"

Tangu hapo alipiga kila alipopata nafasi, na hakujali kama Chiriku yuko kazini. Siku moja ya wateja wengi, mke wa mtunza stoo akiwa kitini na wengine wamejibana kwenye benchi, simu iliita. Chiriku akaiweka sikioni, mkono mwingine umeshika kitana hewani, akanyamaza. Akanyamaza mpaka watu wakaanza kutazamana.

"Imekatika?" mke wa mtunza stoo akauliza.

Chiriku alitikisa kichwa. "Haijakatika. Mume wangu anaongea."

Wakasubiri naye, hawakujua kwa nini. Fundi alikuwa anasimulia jambo lililompata kwenye tawi jipya, jambo refu, lenye watu ndani yake na mlango uliojifunga. Alisimama katikati, akakwama kwenye neno moja hadi ikaonekana hadithi imemfia, akalivuka. Alipofika mwisho Chiriku aliangua kicheko, kitana kikamponyoka, akajiegemeza kwenye kioo akilia machozi ya kucheka. Benchi zima likacheka bila kujua kinachochekesha.

"Kasema nini?" wakapiga kelele. "Chiriku, tupe! Usitufanyie hivyo!"

Aliagana na mumewe, akaiweka simu mfukoni, akaokota kitana, akakipuliza nywele. Hadithi ilikuwa nzuri. Ilikuwa imeshaanza kujipanga kwenye ulimi wake, na alijua kabisa mahali ambapo angeweka chumvi.

"Shule zikifungwa anakuja," alisema. "Mwulizeni mwenyewe."

"Yeye?" mke wa mtunza stoo akasema. "Si itatuchukua siku nzima!"

"Basi njooni mapema," Chiriku akasema, akamgeuza kichwa, akaendelea kusuka.